Kadi Kumi na Saba za Neno Moja

Jalada lilisema mzee alipotea Alhamisi, tarehe kumi na nne. Siku hiyo mvua ilinyesha asubuhi ikakatika saa nne, na watu wa nyumba ya kamusi, alikofanya kazi miaka ishirini na sita, walikaa kwenye meza zao hadi saa kumi kama kawaida. Jumamosi, tarehe kumi na sita, binti yake alifika kituo cha polisi na mfuko wa plastiki mkononi, akaomba kuonana na mtu wa upelelezi, akapelekwa kwa Inspekta, mwanamke aliyekuwa zamu.

Binti alikuwa fundi wa miwani, mwenye duka lake katika mji mwingine, safari ya saa tatu. Baba yake aliishi peke yake. Walizungumza kwa simu kila Jumapili jioni, na Jumapili ya tarehe kumi walizungumza kama kawaida. Siku nyingine zote za wiki mzee alikuwa akiizima simu. Jumamosi ile binti alimletea lenzi mpya, akakuta kufuli nje ya mlango. Alitafuta fundi, kufuli likakatwa. Ndani kitanda kilikuwa kimetandikwa na kikombe kimeoshwa.

Kutoka kwenye mfuko alitoa vitu viwili, akaviweka mezani mbele ya Inspekta. Cha kwanza kilikuwa kisanduku cha vidonge vya shinikizo la damu, chenye vyumba saba, kila kimoja na siku yake.

“Jumatatu ni kitupu,” alisema. “Kuanzia Jumanne vidonge vipo.”

“Huwa anasahau kuvimeza?”

“Mara mojamoja.”

Inspekta aliandika kwenye daftari lake: vidonge, huenda alisahau.

Cha pili kilikuwa karatasi ndogo iliyokutwa kwenye mfuko wa shati. Mzee alikuwa ameandika kwa penseli: *Nitasimama mbele yao wote nijibu nililoshtakiwa. Nikinyamaza nimekwisha.*

Hapo hapo Inspekta aliipigia simu nyumba ya kamusi. Mhariri Mkuu alikuwa ofisini ingawa ilikuwa Jumamosi. Inspekta alimuuliza kadi ya mwisho ya mzee ilikuwa ya lini. Mhariri Mkuu alisema subiri, akaenda, akarudi. “Alhamisi tarehe kumi na nne, afande. Ina muhuri.”

Fomu ya kumtafuta mtu ina kisanduku kimoja kilichoandikwa *Tangu lini*. Inspekta alijaza 14. Fomu ilikwenda stendi za mabasi, hospitali tatu, chumba cha maiti na vituo vya polisi vya jirani. Majibu yote yalirudi ndani ya siku nne, na yote yalisema hapana.

Ikabaki ile karatasi. Inspekta alitafuta mashtaka kwenye mahakama mbili, kwenye baraza la ardhi, kwa mwenye nyumba, hata kwenye chama cha wastaafu. Jumatatu ya tarehe kumi na nane alifika nyumba ya kamusi kwa mara ya kwanza. Alikuta koti la mzee kwenye msumari, kitambulisho kikiwa mfukoni, na simu iliyozimwa ndani ya droo. Aliuliza wafanyakazi mmoja mmoja kama kuna mtu aliyemshtaki mzee kwa jambo lolote, na kama walimwona Alhamisi. Karatasi hakumwonyesha mtu. Ndivyo alivyofundishwa: ushahidi hauonyeshwi kwa watu ambao mmoja wao anaweza kuwa ndiye unayemtafuta.

Siku kumi baadaye, Alhamisi tarehe ishirini na nane, hakuwa na mahali pengine pa kugonga. Alirudi kule kule. Safari hii binti alikuja naye.

“Utakaa nje,” Inspekta alimwambia kwenye ngazi.

“Nitakaa popote utakaponiweka, afande. Ila nyumbani sikai tena.”

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili. Ukuta mzima ulikuwa kabati la droo ndogo za mbao, kila droo na herufi zake, na ndani ya kila droo kadi zimesimama wima, zimebanwa. Meza zilikuwa sita na watu watatu. Dirisha lilikuwa wazi na vipande vya chuma vimewekwa juu ya kila rundo ili upepo usichukue kitu. Waliokuwamo ni Mhariri Mkuu, mtu mwembamba aliyevaa sweta. Mama wa makamo aliyekaa karibu na mlango, ambaye kazi yake ilimpa jina la Bi Muhuri. Na mhariri wa herufi B, aliyewahi kugombania koma moja mwezi mzima na tangu hapo akaitwa Koma.

“Mwanangu, karibu,” alisema Bi Muhuri. “Na huyu?”

“Binti yake.”

Bi Muhuri alinyanyuka, akamshika binti mikono yote miwili, kisha akamvutia kiti chake mwenyewe. Inspekta hakulipinga hilo.

“Tumepata lolote?” aliuliza Mhariri Mkuu.

“Nimekuja kuuliza.”

“Uliza, afande. Sisi tupo.”

“Safari iliyopita mama alisema jambo mlangoni, nikalipita,” Inspekta alisema, akifungua daftari. “Alisema siku ya mwisho kulikuwa na kelele humu.”

Bi Muhuri alimtupia jicho Koma. “Kelele! Nilifunga dirisha ili watu wa chini wasidhani tunauana. Walifokeana huyu na mzee kama wake wenza.”

“Mama, usinipake tope mbele ya serikali,” alisema Koma.

“Nikupake kwani wewe ukuta? Nimesema mlifokeana. Hamkufokeana?”

“Tulifokeana.”

Inspekta alimwomba Koma waende chumba cha ndani.

Chumba cha ndani kilikuwa na vitabu vilivyokatika mgongo na meza moja. Koma alikaa, akaweka mikono juu ya meza bila kuambiwa. Alikuwa na miaka kama hamsini, kola imefungwa mpaka juu.

“Nilikuuliza kama ulimwona Alhamisi,” alisema Inspekta. “Ukasema hapana.”

“Sikumwona.”

“Leo nasikia mligombana.”

“Ulikuwa hujaniuliza kama tuligombana.”

“Nakuuliza sasa. Mligombania nini?”

“Herufi.”

“Usinichezee, kaka.”

“Wallahi herufi. Ngoja.” Alitoka, na Inspekta akasimama mlangoni kumwangalia. Koma alivuta droo ya pili ya ukuta, akabana fungu la kadi kwa vidole viwili, akaweka kipande cha karatasi nyekundu mahali zilipotoka, akarudi. “Hizi ndizo za mwisho alizoandika. Kumi na saba. Neno moja.”

Alizipanga mezani kwa safu. Juu ya kila kadi, kwa herufi kubwa za mkono, palikuwa na neno la Kiingereza *answer*.

“Jibu,” alisema Koma. “Kujibu. Mtoto wa darasa la nne analijua. Sasa hii ya kwanza ni tahajia. Ya pili ni matamshi. Ugomvi wetu uko hapa, kwenye hii w. Inaandikwa, haitamkwi. Mimi nikamwambia, mzee, andika ‘w haitamkwi’, weka nukta, twende. Kamusi ina herufi ishirini na sita na wewe bado unakokota A. Akasema mtu akiiona herufi isiyotamkwa ana haki ya kujua nani aliyeiacha pale.”

“Nani aliyeiacha?”

Koma aliisogeza kadi ya kumi na mbili. “Asili ya neno, hiyo ndiyo aliyokuwa akiipenda. Tulikuwa tukimwita Mzee Asili. Anasema Waingereza wa kale walikuwa na kiambishi, *and*, kilichomaanisha dhidi ya kitu, kukikabili. Wakakiunganisha na neno la kuapa, lile lile ambalo leo ni *swear*. Hiyo w ni ya kiapo. Mtu ameshtakiwa, anasimama mbele ya watu, anaapa kuyakataa mashtaka. Kile kiapo ndicho kilichoitwa *answer*. Baadaye neno likalegea. Likawa la kumjibu yeyote aliyeuliza lolote, hata aliyeuliza saa ngapi.”

Inspekta alikuwa ameacha kuandika. Alitoa bahasha kwenye mkoba wake, akatoa ile karatasi ya mfuko wa shati, akaiweka juu ya meza.

Koma aliisoma. Alicheka kidogo, halafu akaona uso wa Inspekta akaacha.

“Huu ni mfano wa matumizi,” alisema.

“Wa nini?”

“Kila maana ya neno inataka sentensi ya kuionyesha. Sheria ya nyumba hii ni kwamba mfano haunakiliwi kitabuni, unautunga mwenyewe. Yeye alitunga nyumbani, akija na mfuko umejaa vikaratasi. Ona pembeni, ameandika tatu. Maana ya tatu: kujibu mashtaka.” Alichukua kadi ya tisa akaigeuza upande wa Inspekta. Sentensi ilikuwa ile ile, neno kwa neno, kwa wino. “Ulidhani nini, afande?”

Inspekta aliirudisha karatasi kwenye bahasha. “Nilikaa nayo siku kumi na mbili.”

“Ungetuonyesha siku ile.”

“Ndiyo.”

Mlango ulikuwa wazi. Huko nje Bi Muhuri alikuwa ameanza kazi yake. Muhuri uligonga meza kwa mwendo mmoja, pa, pa, pa.

“Turudi kwenye ugomvi,” alisema Inspekta. “Uliisha vipi?”

“Alisema kichwa kinamgonga. Akasema anatoka apate hewa.”

“Saa ngapi?”

“Kabla ya chakula cha mchana. Saa sita hivi.”

“Alhamisi saa sita. Na ukaniambia Alhamisi hukumwona.”

“Sikumwona Alhamisi. Ile siku tuliyogombana si Alhamisi.”

“Siku gani basi?”

Koma alijikuna kidevuni. “Siku zetu hapa zinafanana, afande. Mimi nahesabu kwa maneno. Nilikuwa nimemaliza *beard*, naanza *beast*. Kwa hiyo ni mwanzoni mwa wiki.”

Inspekta alichukua kadi ya kumi na saba na kuweka kidole chini ya alama ya zambarau kwenye kona. “Muhuri huu unasema nini?”

“Tarehe kumi na nne.”

“Alhamisi. Kwa hiyo kadi hii aliiandika Alhamisi, humu ndani, mita tatu kutoka mezani kwako, na hukumwona.”

“Nani kakwambia aliiandika Alhamisi?”

“Mhariri Mkuu. Kwa simu.”

Koma alimtazama kama mtu anayesubiri sentensi iishe. Kisha alinyanyuka akaenda mlangoni. “Bi Muhuri! Leo siku gani?”

“Umepoteza kalenda?”

“Jibu tu.”

“Alhamisi. Si unanisikia nagonga?”

Inspekta alitoka. Mbele ya Bi Muhuri palikuwa na visanduku vitatu vya mbao, vimejaa kadi. Alikuwa akizitoa moja moja, anagonga, anaweka kulia. Inspekta aliokota iliyogongwa sasa hivi. Tarehe ishirini na nane.

“Kadi hii imeandikwa lini, mama?”

“Najuaje? Ya Koma hiyo. Wanajaza kisanduku wiki nzima. Mimi Alhamisi asubuhi nageuza tarehe ya muhuri, nakiondoa chote.”

“Kila Alhamisi?”

“Toka nikiwa na nywele nyeusi.”

Inspekta aligeuka kwa Mhariri Mkuu. Mhariri Mkuu alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, mkono mmoja juu ya sweta.

“Nilikuuliza kadi yake ya mwisho ni ya lini.”

“Nikakwambia.”

“Ulijua mzee hakuwepo Alhamisi?”

“Sikujua kama alikuwepo au hakuwepo. Watu wa asili ya maneno huwa hawapo. Wanakwenda maktaba ya chuo siku tatu, siku nne, hawaagi. Koti lilikuwa pale, lakini sote tunaacha makoti. Chumba hiki kina baridi. Afande, kwetu kadi huanza kuwepo siku inayopigwa muhuri. Kabla ya hapo ni karatasi ya mtu. Ukiniuliza kadi ni ya lini, nakupa muhuri. Hata angeniuliza mama yangu, ningempa muhuri.”

“Kuna njia ya kujua iliandikwa lini?”

Koma ndiye aliyejibu. “Nyuma.”

Wakarudi chumba cha ndani, wote sasa, na binti nyuma yao, Inspekta hakumzuia. Koma aligeuza kadi moja baada ya nyingine. Nyuma ya kila kadi, chini kabisa, kwa penseli nyepesi, palikuwa na namba mbili na mkwaju kati yake. 11/1. 11/2. 11/3.

“Alikuwa akijihesabia,” alisema Koma. “Ya kwanza ni tarehe. Ya pili ni kadi ya ngapi siku hiyo. Alijiwekea ishirini kwa siku. Akipungukiwa alikuwa akikaa mpaka afikishe, tunamcheka.”

Ya mwisho ilikuwa 11/17. Inspekta aliuliza kama kuna 12, au 13, au 14 mahali popote. Bi Muhuri alikwenda kwenye droo akazipitia zote za mzee, akarudi akitikisa kichwa.

Tarehe kumi na moja ilikuwa Jumatatu.

Inspekta alifungua daftari, akarudi kurasa hadi mwanzo. Alikuta mstari wa vidonge. Aliusoma akaliacha daftari wazi mezani. Binti alikuwa upande wa pili wa meza na aliweza kuusoma pia, ukiwa juu chini.

“Naomba niangalie mwandiko,” binti alisema.

Alitoa kwenye mkoba wake lenzi ya kazi, akaivaa jichoni, akainama juu ya kadi. Alianza na ya kwanza. Kuanzia ya kumi na tatu alipunguza mwendo. Ya kumi na tano, kumi na sita na kumi na saba aliziweka pamoja.

“Nani aliyezipokea hizi?”

“Mimi,” alisema Bi Muhuri. “Sisomi, mwanangu. Nagonga tu.”

“Mimi niliziona,” alisema Koma. “Nilidhani ana hasira na mimi. Nilidhani anaandika kwa hasira.”

Kwenye kadi ya kumi na tano herufi zilianza kulala. Kwenye ya kumi na sita zilikuwa kubwa na zilishuka kuelekea kona. Ya kumi na saba ilisema: *Maana ya kiapo ilififia polepole, w ikabaki kwenye maandishi hata baada ya*. Neno la mwisho lilivuka ukingo wa kadi.

“Hii si macho,” alisema binti. “Macho yakififia mtu huukosa mstari tangu mwanzo, na hukosa kila mahali. Hapa alianza vizuri. Mkono wa kulia ndio uliomwacha.” Alivua lenzi. “Baba alikuwa anapata kiharusi. Hapo hapo, akiwa anaandika. Halafu mkagombana.”

“Tuligombana,” alisema Koma. “Alikuwa akiyarudia maneno. Nikamwambia leo umelewa herufi.”

Inspekta alitumia simu ya Mhariri Mkuu, kwa sababu yake haikuwa na mtandao humo ndani. Alipiga chumba cha maiti cha hospitali ya wilaya. Karani wa huko alimfahamu sauti.

“Ile fomu yangu ya mtu aliyepotea,” alisema Inspekta. “Mwanamume, miaka sitini na saba. Nataka urudi nyuma. Anzia tarehe kumi na moja.”

“Uliandika kumi na nne, afande.”

“Najua nilichoandika. Anzia kumi na moja.”

Karatasi ziligeuzwa upande wa pili wa simu. Inspekta alisubiri na kalamu.

“Kuna mmoja,” alisema karani. “Kaletwa hospitali Jumatatu tarehe kumi na moja saa tisa na nusu, akiwa hai. Alikutwa kwenye ngazi za nyuma za posta, amekaa, ameegemea ukuta. Hana koti, hana kitambulisho. Muuguzi kaandika: upande wa kulia hausogei. Anaulizwa jina, hajibu. Anaulizwa ndugu, hajibu. Kaletwa kwangu Jumatano tarehe kumi na tatu, alfajiri.”

“Kwa hiyo tarehe kumi na sita, fomu yangu ilipofika, alikuwa kwako.”

“Alikuwa kwangu, afande. Fomu ilisema tangu kumi na nne. Wa kumi na nne sikuwa naye.”

“Alama yoyote mwilini?”

“Mshono wa zamani. Kinenani, upande wa kulia. Kama wa ngiri.”

Inspekta alifunika simu kwa kiganja. Binti alikuwa amesimama kando ya kabati, mgongo umeegemea droo.

“Baba aliwahi kupasuliwa?”

“Ngiri,” alisema binti. “Nilikuwa kidato cha pili. Nilimpelekea uji hospitali siku sita.”

“Upande gani?”

Binti aliweka mkono wake mwenyewe chini ya mkanda, kulia, akauacha hapo.

Inspekta alirudi kwenye simu. “Nakuja sasa hivi na mwanawe. Muandae.”

“Afande, hayupo.”

“Hayupo vipi?”

“Wasio na ndugu tunawashika siku kumi. Kisha gari la manispaa linawachukua Jumanne kwenda kuzikwa. Zilikwisha Jumamosi, wakamchukua Jumanne.”

“Jumanne ipi?”

“Hii. Juzi. Yeye na wengine wanne.”

Sauti ya karani ilisikika chumba kizima. Simu ilikuwa ya zamani na haikuficha kitu. Bi Muhuri alikaa juu ya rundo la vitabu. Koma alianza kuzikusanya kadi, akazipanga kingo, akazipanga tena, halafu hakujua azipeleke wapi. Inspekta aliuliza namba ya kaburi, akaiandika, akamwomba karani airudie, akaipigia mstari.

Alipoiweka simu chini, binti alikuwa bado palepale.

“Dada,” alisema binti. Hakuwa amemwita hivyo hata mara moja. “Nilikuambia vidonge.”

“Uliniambia.”

“Ungekuja na mimi tukazunguka hospitali, siku ile ile, wawili tu, bila fomu.”

“Tungemkuta chumba cha maiti.”

“Tungemkuta.”

Mhariri Mkuu alisema kwamba nyumba ya kamusi itafanya lolote linalowezekana, kisha akauliza ni lipi linalowezekana. Inspekta alimwambia anataka andiko la kuthibitisha siku ya mwisho kazini, lenye sahihi, na nakala ya kadi zote kumi na saba, mbele na nyuma.

“Na tarehe ya andiko niweke ipi?” aliuliza Mhariri Mkuu.

“Ya leo.”

Bi Muhuri aliinuka, akaenda mezani kwake, akakifungua kikasha cha wino. Koma alimshikia karatasi ili isiteleze.

Walishuka ngazi pamoja, Inspekta na binti. Pale chini kulikuwa na duka la viatu na watu wakipima viatu. Binti alisimama kwenye kizingiti akauliza kama anaweza kwenda makaburini sasa. Inspekta alimwambia anaweza kwenda, lango hufungwa saa kumi na mbili, lakini hatakiwi kugusa wala kuweka kitu juu ya kaburi mpaka hakimu aamue, kwa sababu kwa sheria bado ni kaburi la mtu asiyejulikana.

“Hata maua?”

“Hata maua.”

“Na nikimwita?”

“Mwite.”

Kaburi ni namba mia mbili na saba, safu ya mwisho upande wa ukuta. Ombi la kufukua linajazwa kwenye kurasa tatu na linasikilizwa siku za Jumatano peke yake. Kabla ya hapo inatakiwa damu ya mtoto wa marehemu kwa kipimo cha vinasaba, na maabara inapokea watu wa polisi asubuhi tu. Binti amepangiwa kesho, Ijumaa, saa mbili.